Askari wa Miguu na Mpagazi

Wandugu, sisi tuliosoma Kigriki na Kilatini katika seminari tumezoea kuwasifu askari wa miguu wa Makedonia. Kila mmoja alishika sarisa kwa mikono miwili, ndiyo mkuki wa urefu wa metri 5 ao 6. Kwa kawaida walijipanga mistari 16, mmoja nyuma ya mwenzake, na ncha za mistari 5 ya kwanza zilitokea mbele ya wote. Nani angeweza kuwakaribia?

Lakini tujue vema: falanksi haikushinda peke yake. Kule Gaugamela, mwaka 331 kabla ya Kristu, kazi yake ilikuwa kumkaza adui, na Alexander akaona nafasi, akaingia kwa nguvu pamoja na wapanda-farasi. Tena falanksi ilitaka uwanja sawa. Kule Pydna, mwaka 168, vilima na mabonde viliipasua, na Waroma wakapita katikati. Tungeiweka hapa Rubaya, penye milima juu ya milima, isingefika hata bonde la pili.

Basi katika inchi zetu vita vilipigwaje? Mwaka 1916 Wadachi walikuwa wamejichimbia kandokando ya mto Sebea, karibu na Gisenyi. Kuwashambulia mbele tu ingekuwa kupoteza watu. Jenerali Tombeur aliacha sehemu ya askari wa Force Publique iwakaze pale. Wengine, pamoja na Molitor, walizunguka kwa kaskazini, wakaingia Kigali tarehe 6 Mei; wale wa Olsen walivuka Rusizi kwa kusini. Wintgens, mkubwa wa Wadachi katika Rwanda, aliona kwamba atazungukwa, akarudi nyuma. Tarehe 19 Septemba Tabora ilitwaliwa. Ndiyo akili ileile ya Wamakedonia: mmoja anakaza, mwingine anazunguka.

Vitabu vinataja majenerali. Lakini katika milima ile hapakuwa na barabara ya gari: risasi na chakula vilikwenda juu ya vichwa vya watu. Wapagazi zaidi ya 200,000 walitwaliwa kwa vita vile, na maelfu walikufa kwa ugonjwa na uchovu. Majina yao karibu yote hayakuandikwa.

Watu wa Rubaya, walioona M23 wakiingia mwaka 2024, wanajua maana ya kukimbia na mzigo kichwani na mtoto mgongoni. Tukifundisha hadithi za vita, tusiwahesabu walioshinda tu. Tuwahesabu na waliobeba.