Maji Magumu ya Visima Vyetu: Yalikotoka na Namna ya Kuyalainisha Nyumbani

Ndugu mkulima, leo tutazungumza juu ya maji. Hatutasema habari ya uhaba wake, maana hiyo unaijua kuliko mimi. Tutasema habari ya ugumu wake. Bila shaka umewahi kuona jambo hili hapa Mtoni: mama anafua kwa maji ya kisima, anasugua sabuni ya mche mpaka mkono unachoka, povu halitoki. Badala ya povu unatokea utando kama maziwa yaliyoganda, nao unashika nguo na beseni. Birika nalo linafanya ukoko mweupe ndani. Watu husema, "Sabuni ya siku hizi mbovu." Mara nyingi sabuni haina kosa. Maji ndiyo magumu.

Ugumu huo umetoka wapi? Historia yake ni ndefu kuliko historia ya mji wenyewe. Pwani yetu imekaa juu ya mawe ya matumbawe na mchanga uliotoka baharini zamani sana. Mawe ya matumbawe ndiyo yale yale waliyoyachoma wazee wetu kupata chokaa. Kwa mawe hayo na chokaa hiyo walijenga misikiti na majumba ya Kilwa, na Husuni Kubwa ni ya karne ya 14. Sasa, maji ya mvua yakizama ardhini na kupita katika mawe ya namna hiyo, huyayeyusha kidogo kidogo na kubeba chokaa. Hayo ndiyo maji magumu: maji yaliyobeba madini ya kalsiamu na magnesi.

Sultani Majid alipoanza kujenga Dar es Salaam katika miaka ya 1860, karibu na kijiji cha Mzizima, watu walitegemea visima. Wajerumani walipohamishia makao yao makuu hapa kutoka Bagamoyo mwaka 1891, visima viliendelea. Mji ulipokua, visima havikutosha. Ndipo Mtoni ikapata sifa yake: karibu na mwaka 1950 mtambo wa kusafisha maji ya Mto Kizinga ulianza kazi hapa hapa. Baadaye ukaja mtambo wa Ruvu Juu mwaka 1959, na wa Ruvu Chini mwaka 1976. Maji ya mto kwa kawaida huwa laini kuliko ya kisima, kwa sababu hayakukaa muda mrefu katika mawe. Kwa hiyo waliozoea maji ya bomba walisahau habari ya utando.

Lakini mji ukayashinda mabomba. Ukame wa mwaka 1997 uliposhusha maji ya mito, visima vingi vilichimbwa mjini na pembezoni, na tangu hapo watu hawakuacha kuchimba. Hivyo nyumba nyingi zimerudi kwenye maji ya ardhini, na ugumu umerudi pamoja nayo.

Sasa tupige hesabu, maana hapa ndipo fedha inapopotea. Chukua ndoo ya lita 20 yenye maji magumu sana, yaani miligramu 300 za chokaa katika kila lita. Maji hayo hula gramu 36 hivi za sabuni kabla povu halijaanza kutoka. Hizo hazijatoa uchafu wowote. Zimekwisha kupigana na chokaa tu. Ukifua kwa ndoo tano, umetupa gramu 180. Kwa mwezi mzima si mchezo.

Watu wa zamani waliligundua jambo hili bila maabara. Bibi zetu walifulia maji ya majivu. Majivu safi ya kuni yana chumvi inayofanana na magadi, nayo huikamata chokaa na kuizamisha chini. Magadi yenyewe yalitoka bara, katika maziwa ya Natron na Magadi, yakabebwa na wachuuzi tangu kale. Mwaka 1911 iliundwa kampuni ya Magadi Soda huko Kenya kuyachimba kwa biashara kubwa. Huko Ulaya nako, mwaka 1841, mwalimu wa kemia wa Aberdeen aitwaye Thomas Clark alipata hati ya njia yake ya kulainisha maji ya mji kwa kutia chokaa iliyochomwa. Ajabu, lakini kweli: chokaa iliyochomwa huivuta chokaa iliyoyeyuka, na zote zikazama. Clark huyo huyo ndiye aliyeonyesha namna ya kupima ugumu kwa sabuni.

Kipimo hicho unaweza kukifanya nyumbani. Chukua chupa mbili zilizo sawa. Moja tia maji ya mvua, nyingine maji ya kisima chako, nusu nusu. Kwangua sabuni ya mche, tia kiasi kile kile katika kila chupa, kisha tikisa. Ya mvua itajaa povu. Ya kisima ikitoa utando na povu kidogo, maji yako ni magumu.

Ukishajua, fanya hivi:

Kwanza, maji ya mvua. Haya ni laini kuliko yote, tena ni ya bure. Bati lenye mita 30 za mraba likinyeshewa milimita 20 laweza kukupa lita 600, yaani mapipa matatu. Acha mvua ya kwanza ioshe bati, ndipo ukinge. Funika pipa, mbu wasizaliane.

Pili, kuchemsha. Ugumu wa aina moja huondoka kwa moto: chokaa huganda na kuzama. Acha yatulie, mimina ya juu. Lakini upo ugumu wa aina ya pili usiosikia moto, na mkaa nao ni ghali. Usichemshe maji ya kufulia kwa sababu hiyo tu. Chemsha ya kunywa, maana hayo yanahitaji moto kwa ajili ya vijidudu.

Tatu, magadi ya kufulia. Kwa ndoo niliyoitaja, gramu sita hivi za magadi safi yaliyosafishwa kiwandani, kama kijiko cha chai, hufanya kazi ya zile gramu 36 za sabuni. Magadi ghafi yana uchafu, huenda yakahitajika zaidi kidogo. Koroga, ngoja yatulie, kisha fua. Sabuni nyingi za unga zimekwisha kuwekewa dawa ya kulainisha maji, hizo hazihitaji.

Hapa nakuomba usikilize vizuri. Magadi ya kufulia usiyatie katika maji ya kunywa. Magadi ya Ziwa Natron yana madini mengi ya floraidi, ambayo huharibu meno ya watoto yakawa ya kahawia, na yakizidi huharibu mifupa. Najua tunayatia kwenye maharage na makande ili yaive upesi. Ni kweli huyaivisha, kwa sababu maji magumu huyakaza maharage. Lakini magadi huua pia baadhi ya vitamini. Afadhali loweka maharage usiku kucha na kuyapika kwa maji ya mvua. Na maji magumu yenyewe, kama ni safi, hayadhuru anayekunywa.

Na shambani je? Wewe unayelima mchicha na matembele kando ya Kizinga, usimwagilie maji uliyotia magadi. Magadi huufunga udongo, maji yakatuama juu. Maji magumu hayadhuru bustani. Tofautisha tu na maji ya chumvi: hayo ukiyaonja utajua, hayalainishwi kwa moto wala magadi, na mboga huzikausha.

Pahali pamoja tu shambani maji laini yanatakiwa: kwenye bomba la kunyunyizia dawa. Ukichanganya maji ya sabuni ya kuua vidukari kwa maji magumu, sabuni huganda, tundu la bomba huziba, na vidukari wanaendelea kula. Dawa ya magugu yenye glaifosati nayo hupungua nguvu ikikutana na chokaa. Hifadhi pipa moja la maji ya mvua kwa kazi hiyo.

Basi ndugu mkulima, kabla ya kumlaumu mwenye duka kwa sabuni yake, yapime maji yako. Chupa mbili na kipande cha sabuni vinatosha. Na masika yakianza, pipa liwe tayari chini ya bati. Kazi njema.