MKATE WA NYUMBANI NA HAKI YA JIRANI

Leo twataka kuzungumza nawe juu ya jambo ambalo huenda ukaliona dogo, nalo ni mkate. Si mkate wa dukani uliofungwa tayari, bali ule unaokandwa kwa mkono nyumbani, ukaumuka, ukaokwa, na harufu yake ikavuka ukuta mpaka kwa jirani. Usiseme, "Haya ni mambo ya jikoni, historia imeingiaje humo?" Fuatana nasi mpaka mwisho, utaona kwamba mkate una historia ndefu katika Uislamu, na kwamba historia hiyo inatudai deni ambalo tumeanza kusahau kulilipa.

MKATE WA MADINA

Tuanze Madina, zama za Mtukufu Mtume Muhammad (S.A.W.). Chakula cha watu wengi pale kilikuwa tende na shayiri. Sahaba Sahl bin Saad (R.A.) aliulizwa kama Mtume alipata kula unga mweupe uliochekechwa. Akajibu kuwa tangu Mtume alipopewa Utume mpaka alipofariki hakuuona unga huo, wala chekeche yenyewe hakuiona. Wakamwuliza, basi mkiilaje shayiri isiyochekechwa? Akaeleza kwamba walikuwa wakiisaga, kisha wakiipuliza. Makapi ya kuruka yakaruka, na yaliyobaki wakayatia maji wakala. Habari hii imo katika Sahihi ya Bukhari.

Huo ndio uliokuwa mkate wa bora wa viumbe. Na mkate huo huo ndio uliofanya jambo kubwa mwaka wa 5 Hijria, sawa na mwaka 627, Waislamu walipokuwa wakichimba handaki kuulinda mji wao. Njaa ilikuwa kali. Sahaba Jabir bin Abdillah (R.A.) alimwona Mtume amejifunga jiwe tumboni kwa njaa. Akaenda mbio kwa mkewe kuuliza kuna nini nyumbani. Palikuwa na pishi moja ya shayiri na mbuzi mdogo. Mbuzi akachinjwa, shayiri ikasagwa, na yule bibi akamwonya mumewe asije akamfedhehesha mbele ya Mtume, kwa kuleta watu wengi kwenye chakula kichache.

Jabir akamnong'oneza Mtume aje na watu wachache tu. Mtume akapaza sauti, akawaita wachimba handaki wote! Akamwamrisha Jabir chungu kisiteremshwe motoni wala mkate usiokwe mpaka afike mwenyewe. Alipofika, akataka aitwe mwanamke mwengine aje kusaidia kuoka. Watu walikuwa elfu moja. Wakala wote wakashiba, na chungu bado kinachemka na mkate bado unaokwa.

Ndugu msomaji, wengi wetu tumeisikia hadithi hii katika maulidi na darsa, na tukastaajabu kwa muujiza wake, na ni haki yetu kustaajabu. Lakini angalia na haya. Mwenye nyumba hakuachwa aoke peke yake, aliitiwa mwenziwe. Na katika riwaya nyengine, watu walipokwisha kula, Mtume alimwambia yule bibi naye ale, kisha awapelekee watu zawadi, kwa kuwa njaa imewapata. Muujiza ulikwishatokea, matumbo elfu moja yamekwishashiba, na bado Mtume anawakumbuka waliomo majumbani ambao hawakuitwa. Hapo ndipo lilipo deni letu.

MAKAPI YALIYODHARAULIWA

Wala usidhani kwamba mkate ule wa makapi ulikuwa umasikini tu. Katika nusu ya pili ya karne ya 19 vinu vya chuma vilienea duniani, na unga mweupe, uliokuwa chakula cha matajiri, ukawa rahisi kwa kila mtu. Mchele nao ukakobolewa mpaka ukang'aa. Watu wakafurahi. Lakini katika kisiwa cha Java, daktari wa Kiholanzi aitwaye Christiaan Eijkman alikuwa akichunguza maradhi ya beriberi yanayolegeza miguu na kudhoofisha moyo. Katika miaka ya 1890 aliona kuwa kuku waliolishwa mchele mweupe walipatwa na maradhi ya namna hiyo, na waliporudishiwa mchele wenye ngozi yake wakapona. Baadaye ikajulikana kuwa katika ile ngozi na kiini cha punje mna vitamini B1, ambayo mwili hauwezi kuikosa. Mwaka 1929 Eijkman alipata Tuzo ya Nobel pamoja na mwenziwe.

Leo madaktari wanatuambia pia kwamba unga usioondolewa pumba una nyuzinyuzi nyingi, hushibisha, na hupandisha sukari ya damu taratibu kuliko unga mweupe. Katika miji yetu ya pwani, ambako nako wako wagonjwa wa kisukari, maneno hayo si ya kupuuzwa.

TANURI LA MTAA

Tutoke Madina twende miji mengine ya Waislamu. Mwaka 1047 msafiri wa Kiajemi, Nasir Khusraw, alifika mji wa al-Khalil huko Palestina, penye kaburi la Nabii Ibrahimu (A.S.). Alikuta kila mgeni anapewa mkate mmoja wa mviringo, bakuli la adesi zilizopikwa kwa mafuta ya zeituni, na zabibu. Vinu vilikuwa vikisaga na wanawake wakioka mchana kutwa. Miaka mia tano baadaye, katika miaka ya 1550, Hurrem Sultan, mke wa Sultani Suleiman, aliweka wakfu jiko kubwa mjini Jerusalem, masikini wapate supu na mkate mara mbili kila siku.

Lakini si kila wema wataka utajiri wa masultani. Tazama mji wa Fes huko Moroko. Katika mitaa yake ya kale, karibu na msikiti, chuo cha Kurani, hamamu na bomba la maji, palikuwa na tanuri la kuni la mtaa mzima. Mama alikanda unga nyumbani kwake, akautia alama ili mikate yake isichanganyike na ya wengine, kisha mtoto akaubeba juu ya ubao kichwani mpaka tanurini. Mwoka mikate aliijua mikate ya kila nyumba, na kwa hivyo alizijua nyumba zenyewe: nani ana wageni, nani amepungukiwa, nani leo hakuleta kitu. Matanuri hayo yamepungua sana siku hizi, ila hayajatoweka.

KAWA NA SAHANI

Hapa mwambao wetu mambo hayakuwa mbali na hayo. Wazee wetu walikuwa na mkate wa mofa, wa unga wa mtama, uliobandikwa ndani ya tanuri la udongo. Unguja wana mkate wa ufuta, unaopikwa kwa tui na kugeuziwa kwenye makaa. Na nani asiyeujua mkate wa kumimina? Mchele unarowekwa, unasagwa kwa tui, unatiwa hamira na iliki, unaachwa ufure, kisha unapaliwa makaa chini na juu.

Na kila ulipookwa, haukuliwa na nyumba moja. Khasa mwezi wa Ramadhani, kabla ya adhana ya magharibi, watoto walipishana vichochoroni na sahani zilizofunikwa kawa. "Mama awasalimu, asema hii futari yenu." Na sahani ya jirani hairudishwi tupu, hurudi kesho na chochote kilichopatikana, hata kama ni tende tatu.

Sahani ile, ndugu msomaji, haikubeba chakula tu. Ilikwenda na salamu na ikarudi na habari. Mtoto akirudi akasema, "Bibi hakunifungulia mlango," mama alivaa buibui lake akaenda kutazama. Akisema, "Bibi yuko kitandani, hawezi," uji ulipikwa usiku ule ule. Mjane, mgonjwa, mgeni aliyehamia mtaani bila ya jamaa, wote walijulikana kwa njia ya sahani.

Sasa jiulize. Mkate wako wa leo umetoka wapi? Umenunuliwa dukani, umekatwa tayari, nao ni mzuri, wala si haramu. Lakini mkate ule hauna mlango wa kugonga. Sisi sote tumepata kuona, na wengine yametufika: jirani ameugua ukuta kwa ukuta nasi, siku nyingi, na habari yake tumeipata siku ya kusikia kilio. Tukaenda mazikoni, tukasoma hitima, tukala pilau. Pilau ile ya nini, ikiwa hai tulimnyima kipande cha mkate na neno la "hujambo"?

LIFANYALO KAZI NI MOYO

Huna haja ya kungoja utajirike. Wahenga walisema kutoa ni moyo, si utajiri. Mtume alimfundisha Abu Dharr (R.A.) kuwa apikapo mchuzi azidishe maji, apate kuwakumbuka majirani zake. Hata maji yamo katika ukarimu! Basi mara moja kwa juma, tuseme Alkhamisi jioni, chukua vikombe vitatu vya unga wa ata, usiuchekeche, utie kijiko kidogo cha hamira na nusu yake chumvi, uukande kwa maji ya vuguvugu, uuache uumuke, kisha uuoke. Ugawe mara mbili. Nusu ya watoto wako, na nusu mpe mtoto apeleke nyumba ya pili.

Ila tahadhari na mambo mawili. Usioke kwa kujionyesha, keki za sukari tele na siagi tele ili mtaa useme. Huenda unayempelekea ana kisukari, nawe umempelekea maradhi ndani ya sahani. Na usichague jirani kwa dini yake wala kabila lake. Abdullah bin Amr (R.A.) alipochinjiwa mbuzi nyumbani, alirudia kuwauliza watu wake kama wamempelekea jirani yao Myahudi, kwa kukumbuka namna Mtume alivyousiwa juu ya jirani.

Jirani akikurudishia sahani, ipokee kwa uso mkunjufu. Na asiporudisha, mtume mtoto akatazame kuna nini.

Mwenyezi Mungu atupe riziki ya halali, atubarikie unga wetu kama alivyoubarikia unga wa Jabir na mkewe, na asitujaalie kuwa wenye kushiba huku jirani zetu wana njaa. Amin.