Gitaa Zito na Mwenye Mali

Tunapozungumza juu ya muziki wa Mkoa wa Tanga, aghalabu huwataja waimbaji na watungaji, tukamsahau yule asimamaye nyuma na kushika gitaa zito. Historia ya chombo hicho ina mafunzo, hasa tukiuliza kilikuwa mali ya nani.

Gitaa zito la umeme si la kale. Mwaka 1951 Leo Fender wa Marekani alianza kuuza gitaa la besi lenye nyuzi nne, ambalo kwa miaka iliyofuata lilichukua nafasi ya fidla kubwa isimamayo sakafuni. Sehemu ya uzi itetemekayo ilikuwa inchi 34. Mafundi wengine wakatengeneza la shingo fupi, lenye inchi 30 hivi. Kampuni ya Höfner ya Ujerumani ilitoa la namna hiyo mwaka 1956, na mwaka 1961 Mwingereza Paul McCartney, angali kijana, alilinunua mjini Hamburg kwa kuwa bei yake ilikuwa nafuu. Uzi mfupi hauhitaji kukazwa sana, wala vidole havitanuki mno. Sauti yake ni nene na laini, ingawa haina ukali wa lile refu.

Katika miaka ya 1960 Tanga ilikuwa mji wa bandari na wa katani, wenye watu wa makabila mengi wapendao dansi. Jamhuri Jazz na Atomic Jazz zilivuma humo. Black Star Musical Club nayo ikaingiza magitaa ya umeme, pamoja na lile zito, katika taarabu. Ikhwani Safaa ya Unguja, iliyoanzishwa mwaka 1905, ilijulikana kwa safu ya fidla, udi na kanuni. Tanga ilionyesha kuwa watu wachache nao waweza kuujaza ukumbi. Mtindo huo, uliopambwa na sauti ya Shakila binti Said, uliigwa hadi Kenya na Burundi.

Hata hivyo, wanamuziki wengi wa siku zile hawakumiliki vyombo. Vilikuwa mali ya klabu, ya tajiri, au ya taasisi ya umma. Mfumo huo uliwapa wengi kazi na mafunzo ambayo wasingeyapata peke yao. Hilo hapana budi tulikiri. Lakini mpigaji aliyehama bendi aliondoka mikono mitupu, na ujuzi wake ukalala hadi apate mwenye vyombo mwingine. Uhaba wa fedha za kigeni, na kufungwa kwa mpaka wa Kenya toka 1977 hadi 1983, vilizidi kuwatenga wanamuziki na maduka ya nje.

Tuitazame Maramba, chini ya milima ya Usambara, jirani na mpaka huo: nchi ya mashamba na ya kambi ya Jeshi la Kujenga Taifa. Kijana wa huko mwenye sikio jema alilazimika kumfuata mwenye vyombo. Leo gitaa zito la shingo fupi na la bei nafuu laweza kumfuata yeye nyumbani, akajifunza kwa wakati wake na kupiga atakalo.

Basi walimu wawafundishe vijana kuuliza, kila wasikiapo wimbo wa zamani, si nani aliyeimba tu, bali pia nani aliyepiga, na chombo kilikuwa cha nani.