Sanduku Juu ya Chesisi: Magari ya Kiingereza ya Kati ya Vita Kuu Mbili Katika Nchi Zetu

Matangazo ya kuuza magari makuukuu ya Kiingereza, yale yaliyoundwa kati ya mwaka 1919 na 1939, hupenda kurudia sifa moja: kwamba gari fulani liliundwa kwa ajili ya makoloni, na kwamba magari ya ukoo wake ndiyo yaliyofungua barabara za Afrika. Sifa hiyo hupandisha bei, na mnunuzi wa Ulaya huilipia kwa moyo mkunjufu. Makala haya yanaipinga. Gari la Kiingereza la miaka ile lina historia ya kweli huku kwetu, na ni historia nzuri kuliko hiyo inayouzwa, lakini si historia ya ushindi.

Ukiitazama habari hii kutoka Kanzenze, nchini Rwanda, kando ya njia inayopanda kutoka Rubavu kwenda Musanze, dai hilo halina pa kusimama. Magari ya hapa hupita mkono wa kulia, kama Wabelgiji walivyoagiza baada ya kuitwaa nchi kutoka kwa Wajerumani mwaka 1916, na gari lenye usukani wa Kiingereza ni mgeni tangu mpakani. Tena barabara za Rwanda hazikufunguliwa na gari la chapa yoyote. Zilichimbwa kwa akazi, kazi ya shuruti ya enzi ya Wabelgiji: machifu walidaiwa watu, watu wakatolewa majumbani, milima ikakatwa kwa majembe. Baada ya njaa ya Rwakayihura ya 1928 na 1929 serikali ilizidi kusisitiza barabara, kwa hoja kwamba chakula kisafirishwe, na mzigo huo ukawaangukia walewale walionusurika njaa. Anayeandika kwamba injini ilifungua barabara amewafuta watu hao kwa mstari mmoja wa tangazo.

Kuhusu Wajerumani itoshe kusema kwamba Paul Graetz aliondoka Dar es Salaam kwa gari mwezi Agosti 1907 akafika Swakopmund, pwani ya magharibi ya bara, Mei 1909, na kwamba safari hiyo haikuacha gereji wala biashara nyuma yake. Habari yetu inaanza vita vilipokwisha.

Kuna chanzo ambacho wapenzi wa magari hawakigusi, nacho ni ripoti za Kamishna wa Biashara wa Uingereza aliyekaa Nairobi, zilizoandikwa kwa ajili ya wenye viwanda wa kwao. Si maandishi ya kusisimua: ni saruji, mabati, vitambaa, na nani anamuuzia nani. Lakini mwandishi wake hakuwa na sababu ya kuwapamba wenzake. Alitumwa kuwaambia kwa nini hawauzi, na katika magari jibu lilikuwa lilelile mwaka hadi mwaka: soko la Kenya, Uganda na Tanganyika lilikuwa mikononi mwa Wamarekani. Ford, Chevrolet, Dodge, Buick na Hudson ndizo zilizobeba walowezi, maofisa, wafanyabiashara wa Kihindi na wawindaji. Hata Denys Finch Hatton, Mwingereza wa ukoo wa kibwanyenye aliyewaongoza wakubwa wa Ulaya mbugani, aliendesha Hudson. Martin na Osa Johnson walipokuja kupiga picha za wanyama Marsabit mwaka 1924 walikuja na Willys-Knight.

Kwa nini? Jibu la kizamani, ambalo bado linarudiwa vitabuni, ni kwamba barabara za Afrika zilikuwa mbovu mno kwa gari la kistaarabu. Sioni haja ya kulijibu kwa kirefu. Barabara za mashambani Marekani nazo zilikuwa matope na makorongo, na ndiyo maana Ford Model T ilipewa tumbo la juu na magurudumu yaliyoachana inchi 56. Ubovu wa barabara unaeleza kwa nini gari la Marekani lilifaa. Hauelezi kwa nini Mwingereza, mwenye himaya iliyojaa barabara za namna hiyo, hakuunda la kwake.

Sababu ilikuwa kodi. Kuanzia Januari 1921 mwenye gari Uingereza alilipa pauni moja kwa mwaka kwa kila nguvu ya farasi, na nguvu hiyo haikupimwa kwa kazi ya injini bali kwa kanuni ya makaratasi: chukua kipenyo cha silinda kwa inchi, kizidishe kwa chenyewe, zidisha kwa idadi ya silinda, gawanya kwa 2.5. Model T, yenye silinda nne za inchi 3.75, ilihesabiwa 22.5, hivyo mwenyewe alilipa pauni 23. Austin Seven, iliyotoka 1922, ililipa pauni nane. Kanuni haikuuliza pistoni inasafiri umbali gani, basi wahandisi wakaunda silinda nyembamba na ndefu, injini ndogo inayohitaji kuzungushwa kwa kasi na kubadilishwa gia kila mara. Kwenye lami ya Surrey, yule mwenye Morris Cowley alikuwa mtu mwenye busara. Kwenye mlima wenye utelezi, na mizigo ya familia nzima nyuma, busara hiyo iliishia kwenye gia ya kwanza na rejeta inayochemka. Magurudumu ya magari hayo yalikaribiana, na njia ilikuwa imeshachimbwa mifereji na magari mapana ya Marekani na mikokoteni ya ng'ombe, kwa hiyo gari la Kiingereza lilikwenda kiupandeupande, gurudumu moja mferejini na jingine juu ya tuta.

Ipo sababu ya pili ambayo naona imesahauliwa zaidi, na ambayo inawaunganisha watu wa Rubavu na watu wa Mombasa. Nchi zetu zote hizi ziliingizwa katika kile Mkutano wa Berlin wa 1885 ulichokiita bonde la Kongo kwa mambo ya biashara, mipaka iliyochorwa hadi Bahari ya Hindi. Mkataba wa Saint-Germain wa Septemba 1919 ukathibitisha kwamba humo ndani bidhaa za nchi zilizotia saini zitatozwa ushuru sawa. Nyumbani kwake Mwingereza alijilinda: tangu 1915 gari la kigeni lilitozwa theluthi ya thamani yake bandarini, na ushuru huo uliondoshwa kwa miezi michache tu kati ya 1924 na 1925. Mombasa na Dar es Salaam hakuruhusiwa kufanya hivyo. Mbelgiji naye hakuweza kuifungia nje Chevrolet ili Minerva ya Antwerp ipate soko, na hata angeweza ingemfaa nini, ikiwa tangu 1925 General Motors walikuwa wakiunganisha Chevrolet hukohuko Antwerp? Kwa hiyo huku kwetu, tofauti na London, gari la Kiingereza lilisimama mbele ya mnunuzi bila kinga.

Ford nao walikuwa na mlango wao. Kampuni ya Ford ya Kanada, iliyoanzishwa 1904, ilikuwa na haki ya kuuza katika himaya yote ya Uingereza isipokuwa Uingereza yenyewe. Usukani wa kulia ulikuwa tayari, na mlowezi mzalendo angeweza kujiambia kwamba amenunua bidhaa ya himaya.

Wapo wanaosema Waingereza hawakujua. Walijua, tena mapema. William Morris alitoa Empire Oxford katika nusu ya pili ya miaka ya 1920, gari pana na refu lenye nguvu 15.9 kwa hesabu ya kodi, akikusudia wazi kupambana na Wamarekani ng'ambo. Halikuuzika. Mwaka 1931 ndugu wa Rootes walizindua Hillman Wizard kwa shangwe kubwa London, gari la barabara za dunia nzima kwa maneno yao, na kufikia 1933 lilikuwa limeondolewa. Haya ndiyo magari ambayo sifa ya kuundwa kwa ajili ya makoloni inayahusu kweli, na yote mawili yalianguka. Tatizo halikuwa chuma chake. Mnunuzi wa nyumbani aliyakwepa kwa sababu ya kodi, hivyo idadi iliyoundwa ilikuwa ndogo, bei ikabaki juu. Na gari likivunjika ekseli mbali na Nairobi, mwenyewe hupata ya Ford kwa Mhindi mwenye duka, ya Morris huisubiri meli.

Sasa tufike Kenyatta Avenue, Nairobi, ambako mnara mdogo wa mawe unaonyesha umbali wa kwenda miji mbalimbali. Ulijengwa 1939 kumkumbuka Lionel Douglas Galton-Fenzi, aliyefariki miaka miwili kabla. Ndiye aliyeanzisha chama cha wenye magari cha Afrika Mashariki mwaka 1919, na mwaka 1926 yeye na Kapteni Gethin walikuwa wa kwanza kulifikisha gari Mombasa kutoka Nairobi. Gari lilikuwa Riley, la Kiingereza, na wauzaji wa Riley kuukuu hawachoki kulitaja.

Sipunguzi ujasiri wao. Lakini tusome safari hiyo kwa makini. Reli ilikuwa ikienda Mombasa kwa robo karne. Ndiyo iliyofanya pasiwe na barabara, kwani serikali haikutaka mshindani wa reli yake. Njia ya nyika ya Taru hadi pwani watu walikuwa wakiikanyaga tangu zama za misafara, kwa miguu, na kila kisima kilikuwa na jina. Galton-Fenzi alithibitisha kwamba gari linaweza kufuata mapito hayo, kisha akafanya kazi ambayo naiona kubwa kuliko safari yenyewe: kupima umbali na kuwahangaisha wakuu wa serikali mpaka barabara ikaanza kutengenezwa. Kwa kazi ya namna hiyo gari la chapa nyingine lingetosha. Sifa ni ya mtu, si ya Riley.

Crossley wana haki zaidi ya kujisifu, na hapa Rwanda inaingia kwa mlango wa nyuma. Mwaka 1919 Waingereza na Wabelgiji walikubaliana kwamba Gisaka, mashariki ya Rwanda, ikatwe ipewe Uingereza ili reli ya kutoka Cape hadi Cairo ipite katika ardhi ya Waingereza pekee. Malalamiko ya mwami Musinga na ya wamisionari yalisikika, na mwanzoni mwa 1924 Gisaka ikarudishwa. Reli haikujengwa. Septemba ya mwaka huohuo Chaplin Court Treatt na mkewe Stella waliondoka Cape Town na magari mawili ya Crossley, wakafika Cairo Januari 1926 baada ya maili 12,732, muda wote wakijitahidi wasitoke katika nchi zilizo chini ya Uingereza. Ndoto ile iliyoimega Rwanda ilikuwa sasa imepakiwa kwenye chesisi mbili. Magari hayo yalitoka katika muundo wa jeshi wa kabla ya kodi ya 1921, injini kubwa na fremu nzito, na hata hivyo mahali pengi yalivutwa kwa kamba na ng'ombe na mamia ya wanakijiji. Katika msafara alikuwamo Julius Mapata wa Nyasaland, mkalimani na mtu wa kila kazi, na ningependa kusoma safari hiyo kwa kauli yake kuliko ya mwenye gari.

Hata hivyo magari ya Kiingereza yalikuwapo, na mengi yalibadilishwa sura. Gari liliagizwa likiwa chesisi, injini na usukani, au lilifika na bodi yake ikasambaratika kwa vumbi na mitikisiko. Hapo ndipo alipoingia fundi, Kalasinga au Mhindi mwingine, na vijana wa Kiafrika waliojifunza ufundi mikononi mwake. Alijenga juu ya chesisi sanduku la mbao lenye paa, pande zikiwa wazi au za wavu, mapipa ya maji na petroli nyuma, mahali pa kulala pakihitajika. Gari la bodi ya sanduku lilibeba maziwa asubuhi, wagonjwa mchana, harusi Jumamosi. Naliona kuwa ndilo umbo la asili la gari la Afrika Mashariki kati ya vita, kama jahazi lilivyo umbo la pwani.

Soko la leo halilijui. Klabu ya wapenda magari wa Kiingereza iliyoundwa 1934 ilitenga jina la heshima kwa magari yaliyoundwa kabla ya mwisho wa 1930, na mnada hufuata: Juni 2012, huko Goodwood, Bentley ya kiti kimoja aliyoikimbiza dereva Tim Birkin kwenye uwanja wa Brooklands iliuzwa pauni 5,042,000. Siionei wivu. Ninachokataa ni kanuni ya kwamba gari lenye sanduku la mbao la Nairobi au Kampala limeharibiwa, lisafishwe, livikwe bodi mpya ya mtindo wa Kiingereza. Bentley nyingi zilizozaliwa na bodi nzito za kufungwa zimevuliwa hizo na kuvishwa bodi za wazi za kuigiza mashindano, na wanunuzi wanazipenda. Kwa nini basi mbao zilizokatwa huku miaka ya 1930, kwa sababu ya kweli, zihesabiwe uchafu?

Nairobi kuna mashindano ya kila mwaka ya magari yaliyotunzwa, tangu 1970, na Makumbusho ya Taifa Dar es Salaam yanahifadhi Rolls-Royce ya ikulu. Tumehifadhi yanayong'aa. Atakayeuza gari la bodi ya sanduku na aandike namba ya chesisi, aina ya mbao, misumari ni ya namna gani, na jina la fundi kama limebaki mahali popote kwenye fremu. Majumba yetu ya makumbusho nayo yajitokeze siku ya mnada kabla mnunuzi wa ng'ambo hajaja na randa.

Na ushindani ule uliishaje? Aprili 1931 lilitoka Luton lori la Bedford, lililoenea Afrika Mashariki kiasi ambacho hakuna Morris wala Riley iliyokifikia. Lilikuwa la Kiingereza kwa kiwanda na wafanyakazi. Mwenye kampuni, Vauxhall, alikuwa amenunuliwa na General Motors tangu 1925.