Forodha ya Unguja

Seyyid Said bin Sultan, mtawala wa Omani, alipokuwa akiihamishia enzi yake Unguja kutoka Maskati, alitambua kuwa matajiri hawafuati fahari ya majumba bali wepesi wa ushuru na amani ya mali zao. Ndipo mwaka 1833 akafunga mkataba na Marekani, ushuru wa bidhaa zilizoteremshwa ukawa asilimia 5 tu. Mabaniani, wafanyabiashara wa Kihindu kutoka Kachi huko Bara Hindi, walioachiwa dini yao bila bughudha, wakaja kukopesha wenye misafara ya bara, na forodha yenyewe ikakodishwa kwa mmoja wao, Jairam Shivji, mpango wa ajabu kidogo, kumpa mfanyabiashara ufunguo wa hazina. Merikebu za Salem, bandari ya Marekani, zikashusha majora ya merikani, kitambaa cha pamba, zikapakia pembe za ndovu na sandarusi.