Bandama la Watoto: Jina, Kisu na Dawa

Neno bandama lina maana mbili katika Kiswahili cha pwani. Kwanza ni kiungo kilichoko ubavuni kushoto, ambacho wengine hukiita wengu. Pili ni ugonjwa wa kuvimba kwa kiungo hicho. Katika nchi ya Umwe, karibu na Ikwiriri, ambako maji ya Rufiji huacha madimbwi na mbu, maana hiyo ya pili si ngeni: mtoto hupauka, tumbo hutuna, na chini ya mbavu hushikika kitu kigumu.

Dalili hiyo ilifanywa kipimo mwaka 1848, Dempster alipoanza kuwahesabu wenye bandama kubwa huko India ili kujua wingi wa homa mahali. Lakini kuhesabu si kuponya. Mwaka 1867 Jules Péan alimkata mgonjwa bandama huko Paris, naye akapona. Ndipo wapasuaji wengine wakapata moyo wa kumfuata.

Hofu ilikuja baadaye. Mwaka 1952 King na Shumacker wa Marekani walieleza habari za watoto wachanga watano waliokatwa bandama, kisha wakapatwa na maambukizo makali, na baadhi yao wakafa. Ikadhihirika kwamba kiungo kilichodhaniwa hakina kazi kubwa ndicho kichujacho vijidudu katika damu, hata vile vya malaria.

Huko Uganda, waganga wa Mulago walichapisha mwaka 1965 uchunguzi wao juu ya bandama kubwa la nchi za joto, na mwaka 1971 wakaonyesha kuwa dawa ya kuzuia malaria, ikitumiwa kwa muda mrefu, hulipunguza bila kisu.

Hata hivyo kisu hakikuachwa kabisa. Mtoto mwenye selimundu huweza kujaa damu ghafla katika bandama, tena na tena. Na kwa nadra bandama lililolegea hujisokota na kukosa damu. Hao huenda wakahitaji kupasuliwa.

Basi jina moja limebeba magonjwa yasiyo na tiba moja, na kupima damu hutangulia kupasua. Mtoto wa Umwe aliyeondolewa bandama hurudi kwa mbu wale wale, akiwa amepungukiwa mlinzi. Kwa hiyo chanjo, penisilini na kinga ya malaria ni sehemu ya upasuaji wenyewe.