Maji ambatani

Maji ambatani ni tabaka jembamba la maji, lenye unene wa molekuli moja au mbili, linalogusa uso wa protini. Uso huo haufanani kote. Kuna sehemu zenye chaji, au zenye oksijeni na nitrojeni, zinazoshikana na maji kwa muungo wa hidrojeni. Kuna nyingine zenye tabia ya mafuta, zisizoshikana nayo. Molekuli ya maji iliyo hapo huvutwa na protini na jirani zake kwa pamoja, hivyo hushindwa kujipanga katika umbo la pembe sita la barafu. Takribani gramu 0.3 hadi 0.4 za maji kwa kila gramu ya protini hubaki bila kuganda hata chini sana ya nyuzi 0 za Selsiasi.

Kuyaita “maji yaliyofungwa” kungepotosha. Katika joto la kawaida, nyingi ya molekuli hizo huachia nafasi zao kwa nyingine ndani ya muda mfupi kuliko sehemu moja ya bilioni ya sekunde. Zimeambatana na protini, lakini hazikai.

Baridi ikizidi, mwendo huo hupungua. Tabaka haligeuki fuwele; hukaza likiwa bado na mpangilio wa ovyo wa kimiminiko, hali iitwayo kioo. Mwaka 1989 Wolfgang Doster, Stephen Cusack na Winfried Petry walichunguza kwa nyutroni mioglobini, protini inayohifadhi oksijeni misulini. Chini ya kelvini 200 hivi, yaani nyuzi -73, atomi zake zilitikisika papo hapo tu. Juu ya hapo mitikisiko ikaongezeka kwa kasi. Protini kavu haionyeshi badiliko hilo, na ndipo maji yaliposhukiwa kuwa ndiyo yanayoilegeza. Wapo wanaosema badiliko lenyewe linatokana kwa sehemu na kasi ambayo chombo kinaweza kupima, na hoja yao si ya kupuuzwa.

Protini chache hutumia maji ambatani kinyume kabisa. Samaki wa Antaktika, ambako bahari hufikia nyuzi -1.9, wana protini za kuzuia mgando katika damu, zilizogunduliwa na Arthur DeVries miaka ya 1960. Katika baadhi ya protini za aina hii, upande mmoja huyapanga maji karibu kama barafu, kisha hunata kwenye fuwele changa. Fuwele hubaki na nafasi ya kukua katikati ya protini zilizonata tu, uso wake ukibinuka, na kubinuka huko hushusha joto la kuganda bila kushusha lile la kuyeyuka.